Vyumba Alivyovisikia

Kazini walimwita Barafu. Jina hilo alilipata mwaka wake wa pili, siku mwanamke mmoja alipojifungulia kwenye sakafu ya bafu, naye akamwelekeza kwa simu mwanzo mpaka mwisho kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya vifaa vya shule. Mtoto alipolia, chumba kizima cha kupokelea simu za dharura kilipiga makofi. Yeye aliandika saa kwenye kompyuta, akabonyeza kitufe, akapokea simu iliyofuata.

"Dharura, nakusikiliza. Uko wapi?"

Msimamizi wao, mwanamume mnene mwenye miwani ya kamba, alitikisa kichwa. "Huyu si mtu," alisema. "Huyu ni barafu." Jina likaganda hapo hapo. Wenzake walipokuja kujua kwamba mumewe ni fundi friji walicheka mpaka wakashika mbavu. "Ndiyo maana ndoa yao haiyeyuki," walisema, na utani huo ukawafaa kwa miaka.

Hakuchukia. Kazi yenyewe ilitaka mtu wa namna ile. Chumba chao kilikuwa ghorofa ya pili, meza nane, skrini mbili kila meza, na dirisha moja lililobandikwa karatasi ili jua lisiwasumbue. Zamu ilianza saa moja asubuhi, ikaisha saa moja jioni, siku nne mfululizo, kisha mapumziko siku mbili. Anayepiga simu hakuachwa peke yake mpaka gari la wagonjwa lifike. Likishafika, simu inakatwa. Hapo ndipo ilipokuwa tabu ambayo hakuna aliyewaambia siku ya usaili: mwisho hawakuusikia kamwe. Walisikia kishindo cha mlango, sauti ngeni zikiingia, halafu basi. Kama aliyeanguka amesimama tena au hakusimama, hiyo haikuwa habari yao.

Mwaka wa kwanza alirudi nyumbani akiwa na maswali. Mwaka wa tatu maswali yakapungua. Mwaka wa sita akawa anakula, analala, anaamka, na akiulizwa kazini kulikuwaje anajibu "kawaida," na kweli ilikuwa kawaida.

Kisha baba yake akafariki. Ni yeye aliyeshughulikia kila kitu, kuanzia hospitali mpaka kaburini. Aliwapigia ndugu mmoja mmoja, akapanga viti, akawapokea wageni, akajua nani amekula na nani hajala. Kulia hakulia. Wifi zake walimtazama kwa pembeni, wakanong'ona. Mama mkwe wake, aliyekuwa akiishi nao, alimfuata jikoni akamshika mkono.

"Lia, mwanangu. Ukilia hupungukiwi na kitu."

"Najaribu, Mama."

Na kweli alijaribu. Alisimama pale jikoni, akamfikiria baba yake, viatu vyake, kikohozi chake, alivyokuwa akikunja gazeti. Ilikuwa kama chafya iliyokuja mpaka puani ikarudi. Akaosha vikombe.

Kuchora kulianza miezi miwili baadaye, na hakukupanga. Ilikuwa siku yake ya mapumziko. Mumewe alikuwa uani akichinja friji moja mbovu, maana ndivyo alivyosema mwenyewe, "kuchinja", akitoa kompresa na nyaya na kuacha mifupa. Mlango wa ile friji aliuegemeza ukutani, mweupe, bapa, mkubwa kama meza. Kando yake palikuwa na makopo mawili ya rangi ya mafuta yaliyobaki walipopaka geti. Barafu alichukua brashi yake kwanza ili aioshe. Badala ya kuiosha, akaichovya.

Alichora pembe ya jiko. Sinki, kifuniko cha birika kilichopinda, dirisha dogo juu, kiti kilichoanguka. Mumewe aliinua kichwa.

"Jiko la nani hilo?"

"La mtu aliyepiga simu juzi."

"Ulifika kwake?"

"Sikufika. Nilisikia."

Mumewe aliutazama mlango kwa muda, bisibisi mkononi. "Basi subiri nikupe msasa," alisema. "Bati hilo lina utelezi, rangi haitashika."

Shuleni aliwahi kuwa mchoraji. Mwalimu wa biolojia alikuwa akimwita ubaoni amchoree moyo na figo, na yeye alizichora vizuri mpaka wenzake wakasema zinatisha. Halafu maisha yakaja na shughuli zake: cheti, kazi, ndoa, mabinti wawili ambao sasa walikuwa shule ya bweni. Miaka ishirini na mbili hakugusa brashi ila ya kupakia ukuta.

Sasa akawa anaamka saa kumi na moja alfajiri. Nyuma ya karakana ya mumewe palikuwa na stoo yenye dirisha linaloelekea mashariki, na humo alikaa mpaka saa kumi na mbili na robo, mbele ya bati, na chai inayopoa. Alichora vyumba alivyovisikia. Masikio yake yalikuwa yamezoea kuona. Alijua sakafu ya vigae kwa jinsi nyayo zilivyolia, na sakafu yenye zulia kwa jinsi zilivyonyamaza. Alijua kama dari iko juu au chini. Alisikia feni yenye bawa moja linalogonga, bomba lisilofungika, pazia la shanga, kitanda cha chuma. Vyote hivyo aliviweka mahali pake. Watu hakuwachora. Chumba kilibaki na kila kitu ila mtu.

Nikikwambia alipata raha nitakuwa nimetia chumvi. Mumewe alimuuliza siku moja, "Unajisikiaje ukiwa humo ndani?" Akafikiri kwa uaminifu kabisa, akajibu, "Mikono inakuwa na kazi." Lakini asubuhi ambazo hakuchora aliziona zina upungufu fulani, kama umetoka nyumbani bila saa mkononi.

Kazi nayo haikumwonea huruma. Wenzao wawili waliacha mwezi mmoja, nafasi zao hazikujazwa, na siku nne za zamu zikawa sita. Alikuwa akirudi miguu imevimba, anakula amesimama, analala kabla sahani haijaoshwa. Alfajiri anaingia stoo, anachora dakika ishirini, anatoka. Kitasa kimoja cha mlango kilimchukua wiki tatu. Asubuhi moja alisinzia brashi ikiwa mkononi, akaenda kazini na mstari wa buluu kutoka sikioni mpaka shingoni, nao ukahamia kwenye hedifoni. Aliyepokea zamu baada yake akajipaka na yeye, na siku mbili nzima idara ilikuwa na watu wenye masikio ya buluu wakilaumiana.

Kwa mtindo huo wa kuibia dakika, miaka miwili ilipopita alikuwa na mabati thelathini na moja. Yaliegemea ukuta wa karakana, yakazunguka mpaka nyuma ya benchi. Mumewe alikuwa akisema, "Mteja akija kuulizia mlango wa friji yake, nitamwambia umeanza maisha mapya."

Mteja aliyeuliza alikuwa mkutubi wa maktaba ya mji. Alileta kifriji kidogo cha ofisini, na akiwa anasubiri akayaona yale mabati. Alivuta moja, akavuta la pili, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kifriji kilikuwa tayari zamani, bado hajaondoka.

"Kachora nani?"

"Mama watoto."

"Anachora nini hasa? Mbona vyumba vitupu?"

"Muulize mwenyewe," alisema fundi. "Ila usitegemee maneno mengi."

Mkutubi akarudi siku ya mapumziko, akauliza, akapata maneno machache, na mwisho wa machache hayo akasema maktaba ina ukumbi wa kusomea ambao mwezi ujao utakuwa wazi kwa wiki moja. Angependa mabati kumi na manne. Barafu akasema sawa. Alisema kwa namna ile ile anayokubali kuongezewa chumvi mezani.

Habari ilifika kazini kabla yake. Msimamizi alimwita ofisini, akafunga mlango.

"Dada yangu, umekula kiapo cha siri hapa. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Nasikia umechora simu za watu."

Barafu alikuwa amekuja na mabati matatu madogo, ameyafunga kwa shuka. Aliyafungua mezani. Msimamizi alivaa miwani, akainama.

"Watu wako wapi?"

"Siwaoni, bosi. Nasikia vitu tu."

"Hii nyumba ni ya nani?"

"Sijui. Ningejua nisingechora."

Akaligeuza bati nyuma, akitafuta jina, tarehe, mtaa. Hakuna. Akalirudisha. Bati la tatu lilikuwa la ngazi, vidato kumi na kimoja vya saruji, na ndala moja kwenye kidato cha chini. Hapo alikaa muda mrefu. Yeye mwenyewe alikuwa amepokea simu miaka tisa kabla hajapewa usimamizi.

"Mimi nilikuwa naota ngazi," alisema taratibu. "Miaka minne. Ngazi tu. Sikumwambia hata mke wangu." Akavua miwani, akaifuta kwa tai. "Usiandike tarehe wala mtaa. Na usiseme ni simu. Sema ni vyumba."

"Sawa, bosi."

"Na Jumamosi ya ufunguzi ubadilishane zamu na mtu, sitaki kusikia meza iko tupu."

Jumamosi mchana ukumbi ulikuwa na watu kama thelathini. Mumewe alikuwa ametengeneza ndoano kutoka kwenye waya za rafu za friji, na mabati yalining'inia vizuri yakipokea mwanga wa madirisha. Mama mkwe alijipa cheo cha ulinzi. Alikaa kwenye kiti katikati na kumkaripia kila aliyenyoosha kidole, "Usiguse, rangi mbichi hiyo!" ingawa rangi ilikuwa imekauka tangu mwaka juzi.

Barafu alisimama karibu na mlango kwa sababu pale palikuwa na kidato kibaya ambacho tayari kilikuwa kimewakwaza watu wawili. Akaingia mzee mmoja mrefu, shati limefungwa vifungo kombo, upande mmoja umepanda na mwingine umeshuka. Alikuwa amekuja kurudisha kitabu.

"Shikamoo, mzee. Pita upande huu, taratibu, kuna kidato."

Mzee alisimama ghafla. Hakuitika salamu.

"Hebu sema tena."

"Kuna kidato, mzee. Pita upande huu."

"Ni wewe." Alikiweka kitabu juu ya meza bila kuangalia alipokiweka. "Wewe ndiye uliyeniambia nihesabu."

Barafu alimkumbuka, ila si sura yake, kwa kuwa hakuwahi kuiona. Alikumbuka dakika kumi na moja. Mwanamume aliyempata mkewe sakafuni jikoni, na yeye akimwambia aweke viganja katikati ya kifua, akandamize, ahesabu kwa sauti. Walihesabu pamoja. Mzee akipoteza hesabu, yeye anaiendeleza. Redio ilikuwa chini, bomba likidondoka, saa ikigonga ukutani. Kisha kishindo cha mlango, na kubonyeza kitufe.

Siku zote hakuuliza mwisho wa simu yoyote, na sasa mwisho ulikuwa umesimama mbele yake, umevaa shati kombo.

"Hakuamka," mzee alisema. "Daktari aliniambia alikuwa keshaondoka hata kabla sijapiga simu. Nikamuuliza, sasa pale nilikuwa nahesabu nini? Nimekaa na jambo hilo mwaka na nusu. Lakini nataka ujue, zile dakika sikuwa peke yangu. Kama usingekuwepo ningekaa naye chini pale kimya, na sijui ningetoka vipi."

"Pole sana, mzee," alisema. Ilikuwa sauti ile ile.

Akasubiri. Aliona kwamba sasa kitu kingetakiwa kuja, machozi au kifua kubana, na akakipa nafasi. Hakikuja. Alichokiona ni kwamba kifungo cha tatu cha shati la mzee kilishonwa kwa uzi wa rangi nyingine, na mshono ulikuwa wa mtu asiyejua kushona.

"Njoo," alimwambia. Akampeleka mbele ya bati la tisa. "Nadhani hili ni jiko lako."

Mzee alilitazama. Akasogea, akarudi nyuma, akainamisha kichwa kushoto. Kisha, Mungu amsamehe, akacheka.

"Hili si jiko langu! Langu mlango uko kushoto. Na vigae nimevitoa wapi mimi? Kwangu ni saruji. Wala hatuna saa ukutani."

"Saa niliisikia, mzee. Ilikuwa inagonga."

"Inagonga vipi?"

Alimwigizia kwa ncha ya ulimi. Mzee akafikiri. "Ah! Hiyo ni friji. Ina miaka mitatu inagonga hivyo."

Fundi, aliyekuwa amesimama nyuma yao na hakutaka kuingilia, hakuweza kujizuia. "Inagonga ikiwaka au ikizima?"

Ndivyo ilivyotokea kwamba siku yao ya mapumziko iliyofuata mume na mke walikwenda kwa mzee, mmoja na sanduku la vifaa, mwingine mikono mitupu. Mlango ulikuwa kushoto kweli. Jiko lilikuwa dogo kuliko alivyolichora, lina pazia la manjano na rafu iliyojaa mitungi ya vioo aliyoipanga marehemu kwa kimo, na hakuna aliyeivuruga. Katikati ya sakafu mzee alikuwa ameweka kigoda. Hakuna aliyekikalia. Mzee alipotaka kupita kwenda kwenye sinki alikizunguka kwa hatua zile zile kila mara, kama mtu anayezunguka shimo.

Barafu alisimama pale mumewe akiwa ameingiza kichwa nyuma ya friji. Alitazama saruji, kigoda, bomba. Bomba lilikuwa likidondoka bado. Hilo tu ndilo alilolipatia.

"Mpira wa kompresa umeisha," alisema fundi kutoka nyuma. "Chuma kinagonga chuma. Dakika tano tu."

"Utalichora upya?" mzee aliuliza.

"Sijui, mzee."

Friji ilipowashwa tena ilinyamaza. Mzee alisikiliza ule ukimya, uso wake ukabadilika, na kwa muda haikujulikana kama amefurahi au amenyang'anywa kitu. Akawashukuru wote wawili. Alipoulizwa kama angependa kulichukua bati la tisa maonyesho yakiisha, alikataa. Alitaka lile la chumba cha kulala chenye feni na kitanda cha chuma, la mtu mwingine asiyemjua. "Hilo nitaweza kulitazama nikinywa chai," alisema. Wakampelekea.

Barafu alijaribu kulichora jiko la mzee. Asubuhi tatu. Mlango kushoto, saruji, mitungi kwa kimo, kila kitu mahali pake sawasawa, na bati likawa limekufa, mtu angedhani ni la duka la vyombo. Alilipiga msasa likarudi jeupe. Baada ya hapo mwezi mzima hakuingia stoo. Alfajiri aliendelea kuamka saa kumi na moja kwa mazoea, akakaa ukingoni mwa kitanda mpaka muda wa kwenda kazini ufike.

Mumewe hakumsukuma. Ni msimamizi aliyemwambia ana siku za likizo ambazo hajachukua tangu miaka sita iliyopita, na kwamba ataanza Jumatatu, atake asitake. Siku nne za kwanza alilala. Alikuwa anaamka, anakula anachopewa, anarudi kulala, mpaka mama mkwe akawa anaingia kumsikiliza kama anapumua.

Siku ya tano alitoka uani. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kizingiti akimenya maharage mabichi, sinia mapajani. Lile bati jeupe lilikuwa limeegemea pale pale lilipoachwa. Barafu akalivuta, akafungua kopo.

"Unanichora mimi?" mama mkwe aliuliza.

"Ukikaa."

"Ngoja basi nikabadilishe khanga."

"Kaa hivyo hivyo, Mama."

Mama mkwe alikaa asubuhi tatu. Alizungumza muda wote. Alieleza habari za utoto wake, za marehemu mumewe aliyekuwa akikoroma mpaka kuku wanahama banda, za mgongo wake. Barafu alijibu "ndiyo" na "kumbe". Mikono ya maharage ilimshinda mara mbili, akaifuta, akaianza tena. Alipomaliza, mama mkwe alisogea karibu akalikagua bati kama anayekagua nyama buchani.

"Pua hiyo si yangu."

"Ni yako, Mama."

"Ya kwangu ni ndogo." Akamgeukia. "Na wewe unajisikiaje sasa?"

Barafu alifikiri kwa uaminifu, kama kawaida yake. "Sijui bado," alisema. Mama mkwe akatikisa kichwa, akachukua sinia lake, akaingia ndani.

Yote hayo yana mwaka sasa. Bado yuko meza ya tatu kutoka mlangoni, bado anaitwa Barafu, na wenzake wa zamani waliobaki kazini ni watatu tu. Hajamlilia baba yake. Aliwahi kudhani siku moja itamjia tu, labda akiwa anaosha vyombo au anafunga kamba za viatu, na kwa muda aliingoja kama mtu anayengoja kuitwa jina kwenye foleni. Siku hizi haingoji. Kila alfajiri ya siku anayoweza, anaingia stoo.

Vyumba hachori tena. Mama mkwe aliwaonyesha wenzake lile bati, pua na yote, na sasa kila mmoja anataka lake. Wiki hii ni zamu ya jirani wa upande wa pili, ambaye amekuja na nguo tatu za kubadilisha na hawezi kukaa bila kujikuna.